Kimya cha Mwari Si Idhini ya Kila Jambo

Siku chache zilizopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumekaa barazani pamoja na wazee wa mtaa wetu, kahawa inazunguka na mazungumzo yanakwenda taratibu. Mzee mmoja, ambaye kwa umri ni baba yetu na kwa elimu ya dini ni mwalimu wetu, akatoa mfukoni mwa kanzu yake kitabu kilichochakaa, akakiweka katikati ya watu kama mtu awekaye kielelezo mbele ya hakimu. Akasema amekikuta chini ya mto wa mjukuu wake wa kike. Akatuuliza, kwa sauti iliyojaa huzuni zaidi kuliko hasira: "Haya ndiyo mnayowasomesha watoto wetu?" Kitabu chenyewe kilikuwa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed.

Mzee wetu alikuwa hajakisoma. Alisomewa ukurasa mmoja tu, ukamtosha. Alichotaka ni kwamba sisi, tunaohesabiwa kuwa karibu na wakubwa, tulifikishe neno lake ili kitabu hicho na mfano wake viondolewe mikononi mwa vijana. Hatukumjibu siku ile. Mzee habishiwi mbele ya watu, na zaidi ya hayo swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyelea ana haki ya kuuliza anacholishwa mjukuu wake, kiwe cha tumboni au cha kichwani. Leo tunamjibu hapa, kwa adabu zote, na tunaomba wananchi na viongozi wasikilize pamoja naye.

Kwanza tumtambue mtunzi. Said Ahmed Mohamed si mgeni aliyekuja kutuchungulia dirishani. Alizaliwa Unguja mwaka 1947, akawa mwalimu, akasoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya udaktari huko Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, na baadaye akakisomesha Kiswahili mbali na kwao, Osaka nchini Japani na Bayreuth nchini Ujerumani. Riwaya yake Asali Chungu ilitoka mwaka 1977. Utengano na Dunia Mti Mkavu zikatoka mwaka 1980. Kiza Katika Nuru mwaka 1988. Na Babu Alipofufuka mwaka 2001. Ameandika pia mashairi, tamthilia na hadithi fupi. Nchini Kenya Utengano imewahi kutahiniwa katika shule za sekondari, na vijana kwa maelfu wamekaa vyumbani mwa mitihani wakiulizwa tabia za watu waliotungwa na mwana wa visiwa hivi. Ingekuwa ajabu kama wa nje wamsome, nasi tulioufinyanga udongo wa lugha yake tumfiche chini ya mto.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa. Ana mali, ana cheo, na mbele ya watu ni mheshimiwa mwenye maneno mazuri. Nyumbani kwake amemtawisha mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Mlango ni mlango wake, na anayeingia na kutoka hutoka kwa amri yake. Mtu apitaye nje angesema: hii ndiyo nyumba yenye heshima. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Bwana huyu huyu aliwahi kumwoa Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu, akamla mali yake, akamwacha hana kitu, mpaka mwanamke yule akapotea duniani. Bwana huyu huyu ana hawara mjini, Kazija, na hajui kwamba mlango ule ule anaoubisha usiku hubishwa pia na mwanawe Mussa. Siku inayofika baba na mwana wakakutana uso kwa uso nyumbani kwa Kazija, ndipo msomaji aelewapo kwamba kufuli la nyumba ya Maksuudi halikuwekwa kuilinda heshima. Liliwekwa ili wa ndani wasione yanayotendwa nje.

Na Tamima? Tamima anapigwa na kupewa talaka akiwa mzazi, damu ya uzazi haijakauka, kwa kosa la kuingiziwa ndani mkunga ambaye mume hakumtaka. Maimuna naye anafunguliwa mlango na Biti Kocho, anatoka, anakwenda mjini. Hajui njia, hajui thamani ya fedha, hajui maneno matamu ya mwanamume yana maana gani, kwa sababu hapana aliyewahi kumwambia lolote. Anaangukia katika ulevi na katika kuuza mwili wake. Ni kurasa hizo, bila ya shaka, alizosomewa mzee wetu.

Wako wasemao: basi si mnaona? Alitoka, akapotea, angelibaki ndani angelisalimika. Hayo ndiyo masomo ya mtu aliyefungua kitabu katikati. Anayesoma tangu mwanzo atajiuliza swali jingine: ni nani aliyemfanya binti huyu awe mjinga kiasi hicho? Maimuna hakupotezwa na mji peke yake. Alifika mjini akiwa tayari amepotezwa, kwa kuwa alilelewa kama mali iwekwayo sandukuni, na mali ya sandukuni haijui kujilinda siku sanduku linapovunjwa. Mtunzi hakuusifu upotofu ule hata kwa neno moja. Ameueleza mpaka ukauma, na kitu kinachouma ndicho kinachotibiwa.

Lakini kuna jambo moja ndani ya riwaya hii ambalo limetukaa moyoni kuliko yote, na kwa ajili yake tumeshika kalamu. Katika nyumba ile hapana mtu anayemwuliza Maimuna anataka nini. Baba hamwulizi, anaamuru. Mama, naye ni mfungwa, hana la kuuliza. Tena, na hapa ndipo ulipo ujuzi wa mtunzi, hata wale waliomfungulia mlango hawakumwuliza kwa ajili yake. Bi Farashuu ana kisasi cha haki. Mtoto wake ameuawa kwa dhuluma. Ila kisasi hicho kinapita juu ya mgongo wa msichana asiyekuwa na hatia. Binti anatolewa nje ili baba aumie. Hivyo mkandamizaji na mlipiza kisasi, wote wawili, wamekutana mahali pamoja: wamemtumia mtoto wa kike kama fimbo ya kupigania. Ni mwisho wa safari ndefu tu, anapokuwa na Kabi, mjukuu wa Bi Farashuu, ndipo Maimuna anapata nafasi ya kupenda na kupendwa kwa hiari yake, na nyumba mbili zilizokuwa na uhasama zikafungika kwa ndoa badala ya damu.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tulifundishwa mapema kwamba mwari huulizwa kabla ya kuozwa. Tulifundishwa pia kuwa haya yake inajulikana, na kwamba akinyamaza basi kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa. Ni mafundisho ya huruma, yanayomwondolea binti uzito wa kulitamka jambo linalomwonea haya ulimi. Lakini tumeyafanyaje mafundisho hayo? Tumeitupa ile sehemu ya kwanza, ya kuuliza, tukaibakisha ya pili, ya kimya. Kimya cha mtu aliyeulizwa na kimya cha mtu asiyeulizwa si kimya kimoja. Cha kwanza ni jibu. Cha pili ni dhuluma iliyovaa buibui la haya.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunawanyooshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita jamaa zetu walituchukua kwenda kushuhudia posa. Tulikaa ukumbini, mazungumzo yakawa mazuri, mahari yakatajwa, tarehe ikakatwa. Mmoja wetu akauliza kama binti mwenyewe ameambiwa. Akatoka shangazi mtu kutoka nyuma ya pazia, akasema: "Kanyamaza." Tukafurahi, tukainua mikono tukasoma fatiha, tukala tukashiba, tukaondoka. Hapana hata mmoja miongoni mwetu aliyeuliza ni swali gani hasa aliloulizwa mpaka akanyamaza. Ndoa ile haikutimiza mwaka. Binti alirudi kwao na shanga za maneno ya watu shingoni, na sisi mashahidi tulikuwa wa kwanza kusema kwamba wasichana wa siku hizi hawana subira. Tunaliandika jambo hili kwa sababu tulipoisoma tena Utengano tulijiona mle ndani, na hatukujiona katika upande wa Maimuna.

Hiyo ndiyo kazi ya riwaya ya mapenzi iliyo njema. Wako viongozi wanaodhani kuwa fasihi yenye manufaa ni ile inayozungumzia kilimo, umoja na maendeleo, na kwamba mapenzi ni mambo ya upuuzi ya kuwachelewesha vijana. Tunasema hapana. Taifa linajengwa na watu, na watu wanatoka majumbani. Mtoto aliyejifunza nyumbani kwao kwamba mwenye nguvu haulizi na mnyonge hasemi, atakwenda na somo hilo ofisini, atakwenda nalo katika mkutano wa hadhara. Maksuudi wa chumbani na Maksuudi wa jukwaani ni mtu mmoja. Mwandishi alipotuonyesha anavyomtendea mkewe, alikuwa anatuonyesha atakavyoitendea mali ya umma. Na ndivyo inavyokuwa, hadi cheo na utajiri vikamponyoka, akabaki fukara.

Katika Asali Chungu mtunzi alikuwa amekwisha kulianza somo hilo hilo. Bwana Zuberi, mtu wa daraja ya juu, amezaa na Semeni nje ya ndoa mtoto aitwaye Dude, akamkana. Mtoto aliyekanwa anakuja kuingia katika nyumba ya baba yake akiwa mtumishi, hajui kwa nani amefika, na wenyeji wake hawajui ni nani aliyefika. Yanayofuata baina yake na watu wa nyumba ile, pamoja na binti ambaye kwa damu ni dada yake, ni mambo ambayo sheria ya dini na ya serikali yote mawili yameyaharamisha. Wasomaji wengi waliona kinyaa. Lakini tuulizane: haramu ile ilianza wapi? Ilianza pale baba alipoificha damu yake mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na katika nyumba ya Zuberi kilio kilikuja kikubwa kuliko maradhi.

Wala Said Ahmed Mohamed si peke yake katika njia hii. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu ya mwaka 1972, alionyesha mapenzi yanavyogeuzwa mtego wa kuwindia mali. Na katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976 akamleta binti anayeteswa katika nyumba ya baba yake na baadaye kusumbuliwa kwa shamba alilopewa. Adam Shafi, katika Vuta n'kuvute ya mwaka 1999, akamleta Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima aliyempita umri mbali. Alipomkimbia, jamaa zake wenyewe wakamfungia mlango, na aliyempokea akawa ni mwanamke wa Ng'ambo, si wa kabila lake. Kisa hicho kikatengenezwa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Watunzi hawa watatu hawakukaa mkutano wakakubaliana. Kila mmoja alitazama nyumba za visiwa hivi kwa jicho lake, na kila mmoja akamkuta ndani yake binti ambaye hakuulizwa. Mashahidi watatu wakisema jambo moja, kadhi hulazimika kusikiliza.

Kwa nyinyi ndugu zetu mlio katika utumishi wa serikali, tuna ukumbusho maalumu. Miaka mitano baada ya Utengano kuchapishwa, mwaka 1985, Zanzibar ilitunga sheria ambayo nia yake ilikuwa kuwalinda wanawake wasiokuwa na waume, na ambayo ndani yake msichana aliyeshika mimba bila ya ndoa aliweza kupelekwa gerezani. Jina la sheria lilikuwa ulinzi. Mlango wake ulikuwa wa jela. Ilipofika mwaka 2005 sheria hiyo ilibadilishwa, kifungo kikaondolewa kwa msichana, na pahala pake pakawekwa utumishi wa jamii. Mwaka 2011 ikaja Sheria ya Mtoto. Hatuwataji waliotunga ile ya kwanza kwa ubaya. Walikuwa watu waliotaka heri. Tunasema tu kwamba riwaya ilikuwa imekwisha kutangulia kusema, miaka mitano kabla, kwamba kumfungia msichana si kumlinda. Kama wakubwa wangeisoma kwa makini wakati ule, pengine miaka ishirini isingelihitajika.

Tunarudi kwenye hofu ya mzee wetu, maana si hofu ya kupuuzwa. Je, kitabu hakiwezi kumwamsha kijana matamanio yaliyolala? Kinaweza. Tusidanganyane. Lakini matamanio hayakuletwa visiwani na wachapaji vitabu. Yalikuwako kabla ya herufi, na wazee wetu waliyajua, ndiyo maana walikuwa na somo, na unyago, na nyimbo za ndani ambazo mwari alifundishwa kabla ya kutoka. Walikuwa na mahali pa kusemea. Sisi wa leo tumepavunja pahala pale kwa jina la ustaarabu, na hatukujenga pengine. Somo amebaki wa kumpaka mwali udi na hina siku ya harusi, na mara nyingi hana la kumfundisha tena. Kijana wa leo ana simu mkononi inayomwonyesha mwili bila ya moyo, tendo bila ya mwisho wake. Riwaya angalau inamwonyesha mwisho. Inamfuata Maimuna mpaka asubuhi ya baada ya usiku. Ukimnyang'anya kijana kitabu hiki hukumbakishia usafi; umemwachia simu peke yake.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Walimu wanaosomesha fasihi wasiziruke kurasa zinazowatia haya. Wakiruka, wanafunzi watazisoma peke yao gizani, bila ya mtu wa kuwaeleza. Maktaba za wilaya, Unguja na Pemba, ziwe na riwaya za wana wa visiwa hivi katika rafu za mbele, wala zisifungiwe kabatini. Masheha, maofisa wa ustawi wa jamii na wale wanaosikiliza mashauri ya ndoa wakisome kisa cha Tamima kabla ya kumkabili mwanamke mwingine aliyekuja na talaka mkononi na mtoto mgongoni. Na tutakapoitwa tena kushuhudia posa, mmoja wetu aombe kwa heshima binti aulizwe na mtu anayemwamini, faraghani, na aambiwe wazi kwamba akikataa hapana atakayemchukia. Tukio hilo halichukui zaidi ya robo saa. Sisi tuliokosa kulifanya tunajua gharama yake.

Mzee wetu, kitabu ulichokiacha barazani tunacho. Tumekitia jalada jipya la khaki kwa sababu kurasa zilikuwa zinaanza kuachana. Tutakirejesha kwako inshallah Ijumaa baada ya sala, nawe ndiwe mwenye amri ya kukifanya utakavyo. Ombi letu ni moja. Kabla hujaamua, mwite mjukuu wako, mkalishe karibu yako, na umuulize amekiona vipi kitabu hiki na ni mahali gani kilimliza. Akinyamaza, usiseme kwamba amekujibu. Mwagizie chai, umngoje.